Kijindege cha gramu saba kwenye mgunga wa kiwanja changu Nzuguni: kiota chenye mlango wa uongo

MtuWaNzuguni (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo limenikaa rohoni wiki nzima, na kwa kuwa humu kuna walimu, wakulima na watu waliokulia porini, nimeona nilishushe lote. Ni refu, mnivumilie.

Nina kiwanja Nzuguni, hapa Dodoma, msingi nimeanza mwezi uliopita. Ndani yake kuna mgunga mmoja mkubwa uliobaki baada ya majirani wote kusafisha vya kwao hadi pakawa peupe. Fundi aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba mti ule uende chini, mizizi yake itatusumbua kwenye shimo la choo. Nikasema sawa. Jumamosi kijana mmoja akapanda na panga aanze na matawi. Hakumaliza hata dakika tano, akaniita: "Bosi, huku kuna mfuko."

Mfuko wenyewe unaning'inia kwenye ncha ya tawi jembamba, kimo cha mtu aliyesimama juu ya pipa. Mweupe wenye ukijivu, urefu wake kama kiganja, umbo la soksi ya mtoto mchanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Nilidhani ni utando wa viwavi. Nikapanda kwenye pipa nikaugusa. Si utando. Umeshikamana kama blanketi la sufi lililofuliwa miaka mingi, ukiubonyeza unarudi. Ubavuni, karibu na juu, kuna tundu la mviringo. Nikaingiza kidole changu cha mwisho, kikaenda mpaka pingili ya kwanza, kikagota. Nikakizungusha, kila upande ukuta. Tundu haliendi popote.

Nikashuka nikiwa na hakika kwamba ni kiota kilichoachwa kabla ya kumalizika. Tukakaa kivulini kunywa chai. Ndipo vikaja vijindege viwili, vidogo ambavyo sijawahi kuona, mlio wao mwembamba kama gurudumu la baiskeli lisilo na mafuta. Kimoja kikatua kwenye mdomo wa lile tundu bovu. Kikainua mguu mmoja, kikashika kitambaa juu ya tundu, kikavuta kushuka. Wakuu, pale juu pakafunguka mdomo mwingine ambao mimi niliyekuwa nimeweka uso wangu hapo sikuuona kabisa. Kikazama ndani. Na ule mdomo ukajifunga wenyewe nyuma yake, bapa, kama hakuna kitu.

Nilimwambia kijana aweke panga chini. Siku ile hatukufanya kazi nyingine ya maana.

Rangi: mgongo wa kijivu, tumbo kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, mkia mfupi kama umekatwa, mdomo mwembamba na mkali kama sindano ya cherehani. Hiki ni kijindege gani? Na je, nikikata mti nikaacha lile tawi nimelifunga kwenye nguzo, kitaendelea kukaa?

Chilonwa_Kwetu

Mbukwenyi wakuu. Naweka kambi hapa. Picha mkuu, uzi wa namna hii bila picha unatuumiza.

MtuWaNzuguni

Simu yangu kwa mbali inatoa doa tu. Na karibu sitaki kwenda tena, maana nilipopanda pipa mara ya pili vilizunguka juu ya kichwa changu vikilia mpaka nikajisikia vibaya.

BintiKondoa

Mkuu umefanya vizuri kushusha panga. Mimi nadhani hicho ni kile kijindege kidogo cha kijani kijani kinachokuja na mvua za kwanza na kuondoka kabla ya masika kwisha. Huku Kondoa vinajaa kwenye migunga, vinaokota wadudu kwenye majani siku nzima. Niliwahi kusoma kwamba vinatoka Urusi.

Halafu niseme hili, maana naona watu wanasafisha viwanja kama wanafuta ubao. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo letu lililoliwa na makorongo, chini ya ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973. Watu waliumia, sitaficha, na mzee hakusamehe mpaka anaingia kaburini. Lakini mimi nilikua nikiona kilichofuata: nyasi zikarudi, kisha vichaka, kisha migunga, na nyuma ya migunga ndege. Mama alikuwa anasema asubuhi za utoto wake zilikuwa kimya na sasa zina kelele. Ardhi yetu hii ikiachwa kidogo tu inajijaza.

Mwalimu_Manyoni

Salaam kwenu. Nafundisha baiolojia huku Manyoni na ndege ndio ugonjwa wangu tangu nikiwa kijana, kwa hiyo nimesoma uzi huu nikiwa nimesimama.

Dada BintiKondoa, ndege unayemsema namfahamu vizuri na ni kweli anafika Dodoma, ila siye huyu. Yule ana mstari wa njano hafifu juu ya jicho kama nyusi, na mwili mrefu mwembamba wenye mkia wa kawaida. Wa mkuu hana nyusi, mkia haupo, mdomo ni sindano. Na kinachomaliza ubishi: yule mgeni hajengi huku kwetu. Anazaa kwao Ulaya na Urusi, tena kiota chake ni cha nyasi, kiko chini ardhini. Kwetu anakuja kula na kubadilisha manyoya.

Ila kwa kuwa umemtaja, sina budi kusema kidogo juu yake. Ana gramu kumi hivi. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowafunga ndege wa aina hiyo vifaa vidogo kule mashariki ya mbali ya Urusi, na safari yao hadi Afrika Mashariki ikaonekana kuwa kilomita kama 13,000. Kifaa chenyewe hakizungumzi na setilaiti, kinaandika mwanga tu. Ndege akirudi mwaka unaofuata unamkamata, unasoma: urefu wa mchana unakuonyesha alikuwa kaskazini au kusini kiasi gani, na saa ya adhuhuri inakuonyesha mashariki au magharibi. Katika majuma ya kuzunguka Machi 21 na Septemba 23 hesabu ya kwanza inakwama, kwa sababu mchana na usiku ni sawa dunia nzima. Ukimwona Kondoa mwezi wa pili akichokonoa jani la mgunga, mpishe ale, ana njia mbele yake.

Sasa huyu wa Nzuguni. Jina la kisayansi ni *Anthoscopus caroli*. Ana jamaa zake Ulaya na Asia, lakini ukoo wa *Anthoscopus* wenyewe ni wa Afrika peke yake. Urefu sentimita nane, uzito gramu sita hadi saba. Chukua kijiko cha chai cha sukari, ongeza nusu, ndiyo huyo. Ni miongoni mwa ndege wadogo kabisa katika bara hili. Darasani kwangu tunamwita mshona-usufi, ni jina letu tu la shuleni, mwenye la kwao alilete.

Kiota ndicho cha kukaa nacho. Wote tunamjua mnana, anachukua ukoka, anaupitisha, anaufunga fundo, anafuma kama mtu anayesuka ukili. Huyu hafumi. Anakusanya usufi wa mimea, utando wa buibui, nywele za wanyama akizipata, anaviweka mahali kisha anavichoma choma kwa mdomo wake, maelfu ya mara, mpaka nyuzi zinashikana zenyewe. Nywele zisizochanwa zinavyojisokota zikawa rasta, ndivyo hivyo. Ndiyo maana mkuu uliposhika ulisikia blanketi. Utando wa buibui ndio gundi, na ndio unaofanya mdomo wa juu ujibane baada ya ndege kupita.

Jamaa yake wa Ulaya anajenga mfuko imara kiasi kwamba mashariki ya Ulaya watoto waliwahi kuvalishwa kama ndara, na huku kwetu Wamasai wamewahi kutumia viota vya namna hii kama vikoba.

Kuhusu kukata mti na kulifunga tawi kwenye nguzo: usifanye hivyo mkuu. Kiota kinategemea tawi lililo hai linaloyumba, na chakula chake kiko kwenye matawi mengine ya mti huohuo.

Chilonwa_Kwetu

Mwalimu umenirudisha mbali. Tukiwa wadogo tunachunga mbuzi tulikuwa tunavikuta kiangazi, vikavu, vimeachwa. Tulikuwa tunawekea golori. Kimoja nilikaa nacho misimu miwili, hakikutoboka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kina mfuko mdogo juu ya mfuko mkubwa. Kumbe kile kidogo nilichokuwa naweka golori yangu nzuri kuliko zote ndicho mlango wa uongo.

Zabibu_Mpunguzi

Wakuu samahani kwa swali la mkulima. Mimi nina zabibu na kila mwaka nalima mtama na uwele ekari chache. Kwangu ndege ni hasara. Kwelea wakishuka, asubuhi moja tu shamba limekwisha. Hiki nacho kikizaliana si kitaungana nao?

MtuWaNzuguni

Mkuu swali lako halina ubaya, hata jirani yangu aliniuliza hivyohivyo. Nitajibu kwa nilichoona kwa macho, mwalimu atanisahihisha. Nimekaa asubuhi nne sasa. Havishuki chini kabisa. Vinatembea juu kwenye ncha za matawi, vinaning'inia kichwa chini miguu juu, vinaingiza sindano kwenye kikonyo cha jani, kwenye ua, kwenye ufa wa gamba. Kila nilichofanikiwa kukiona mdomoni ni kiwavi kidogo cha kijani au kitu chenye miguu mingi.

Mwalimu_Manyoni

Sina la kusahihisha. Zabibu_Mpunguzi, tazama midomo. Kwelea ana mdomo mnene wa kupasulia punje, na mmoja anakula kama gramu kumi za nafaka kwa siku. Yaani chakula cha kwelea cha siku moja kinamzidi uzito huyu mwenzetu mzima mzima. Huyu hawezi kupasua punje ya mtama hata ukimshikia. Anakula viwavi, mayai ya wadudu, mbawakavu wadogo, buibui, mchwa na sisimizi, na mara chache tunda dogo. Dawa tunazopuliza mashambani ndizo zinamgusa zaidi, kwa sababu kiwavi aliyepuliziwa hafi palepale, anakuwa mzito, na mzito ndiye anayeokotwa kwanza.

Zabibu_Mpunguzi

Hapo nimekuelewa. Mimi pembeni ya shamba nina mstari wa migunga na mikwata ya uzio. Nikipuliza upepo unapeleka huko. Sikuwahi kulifikiria kama tatizo, kwa sababu ni vichaka tu. Nitaanza kupuliza jioni upepo ukitulia.

Chilonwa_Kwetu

Mwalimu nina ubishi kidogo. Watu wote wanasema mlango wa uongo ni wa kumdanganya nyoka. Mimi nimeishi na nyoka wa mitini. Nyoka hategemei macho peke yake, ananusa kwa ulimi. Makinda yamo ndani yananuka na yanalia. Atadanganywaje na tundu?

Mwalimu_Manyoni

Ubishi wako una nguvu, na ndiyo maana mimi sielezi darasani kana kwamba nyoka ni mjinga. Maelezo ya kawaida ni hayo ya kumpoteza adui, na yana mantiki: adui akifika anakuta shimo, anaingiza kichwa, anagota, kama mleta uzi alivyogota na kidole chake. Lakini nadhani kazi kubwa inafanywa na mlango wa kweli. Umefungwa, umebana, hauna ukingo unaoonekana. Tundu la wazi linavuta macho mbali na ule ufa. Na hata harufu ikimwambia nyoka kwamba chakula kipo, bado ana ukuta wa usufi ulioshindiliwa, kwenye tawi jembamba linaloinama kwa uzito wake.

Kuna adui mwingine ambaye simwoni akitajwa: yule kipanga wa kijivu mwenye uso wa njano. Kifundo cha mguu wake kinakunjika mbele na nyuma. Anang'ang'ania shina, anaingiza mguu kwenye shimo la mti na kupapasa ndani mpaka anatoa kinda. Kwa huyo, tawi jembamba ndilo kinga kuu.

MtuWaNzuguni

Naomba niongeze kitu ambacho nimekiona mara nyingi sana sasa, labda mara mia. Lile tundu la uongo ni kizingiti. Ndege akifika hawezi kuning'inia na kufungua mlango kwa wakati mmoja bila pa kukanyaga. Anakanyaga ukingo wa chini wa tundu, mguu mmoja unabaki pale, wa pili unapanda kuvuta. Bila ule ukingo asingeingia. Kwa hiyo hata kama nyoka hadanganyiki, ndege ana haja nalo. Na akitoka anasukuma kwa kichwa, halafu mara nyingine anageuka na kubana ule mdomo kwa sindano yake, tik tik tik, kama mtu anayepiga kitasa kuhakikisha.

Kitu kimoja zaidi. Jana mvua ilipiga usiku kucha, mnajua mvua zetu za Dodoma zikiamua, mwaka mzima milimita mia tano na kitu halafu unapata sehemu kubwa kwa siku chache. Korongo la nyuma ya kiwanja lilijaa, mifuko miwili ya saruji niliyofunika kwa turubai ililowa. Asubuhi nikaenda mbio kwenye mti. Mfuko ulikuwa umelowa nje, mzito, unaning'inia chini kidogo kuliko kawaida. Saa mbili jua lilipotoka kikatoka kimoja, manyoya makavu kabisa.

BintiKondoa

Kaka, na choo je?

MtuWaNzuguni

Tumehamisha shimo mita sita upande wa mashariki. Fundi alinuna siku mbili kwa sababu alikuwa ameshapima na kuchomeka mambo. Nimemwongezea fedha ya siku ya mchimbaji. Siku ya tatu nilimkuta amekaa juu ya ndoo anaangalia juu, akaniambia, "Wanaleta viwavi sasa. Nimehesabu mara kumi na nne tangu nianze kula." Hiyo ilikuwa tarehe 3 Februari. Kabla ya hapo vilikuwa vinapokezana kukaa ndani kwa majuma kama mawili, nikadhani vimeacha kazi.

Mwalimu_Manyoni

Hapo vilikuwa vinaatamia. Mayai meupe, madogo sana. Mkuu, majuma matatu yajayo mtu asiguse ule mti hata kwa kuegemea. Makinda yakishtushwa kabla ya wakati yanaruka na kuanguka, na chini kuna paka.

MtuWaNzuguni

Paka wa jirani nimemwekea matawi ya miiba kuzunguka shina. Matawi yaleyale aliyokata kijana siku ya kwanza.

Chilonwa_Kwetu

Mkuu umekaa kimya mno, tupe taarifa.

MtuWaNzuguni

Samahanini, nilikuwa nasubiri nisiseme kabla ya wakati. Makinda yalitoka tarehe 26 Februari, asubuhi. Sikuona la kwanza. Nilipofika mawili yalikuwa nje tayari, yamebanana kwenye tawi moja, rangi kama ya wazazi ila hafifu, mkia hakuna kabisa. La tatu lilikuwa limetoa kichwa kwenye ule mdomo wa juu na mdomo umembana shingoni kama kola. Lilikaa hivyo muda mrefu. Mzazi alikuja na kiwavi, akasimama kwenye kizingiti, hakumpa. Akarudi nyuma tawi moja akiwa nacho mdomoni. Kinda likatoka. Baadaye nikahesabu matano.

Nikadhani uzi unaishia hapo, kwa sababu ndege wengine makinda yakiruka kiota kinaachwa. Mwalimu, mbona vinarudi?

Mwalimu_Manyoni

Vinarudi kulala. Hawa wanatumia kiota kama nyumba, hata nje ya msimu wa kuzaa, familia nzima ndani. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na nyama yake, joto linakimbia haraka, na kijindege cha gramu saba kinachokesha peke yake kwenye upepo wa Juni au Julai huku kwetu kinaweza kuamka hakina akiba ya kumfikisha kwenye kiwavi cha kwanza. Wakijaa ndani ya usufi, kila mmoja anamfunika mwenzake. Kwa hiyo usikitoe kile kiota mvua zikiisha. Watu wengi wanakiona kiangazi wanadhani ni takataka.

Zabibu_Mpunguzi

Nimezunguka uzio wangu jana na leo. Nimekipata kimoja, kwenye mkwata wa kona, kimechakaa, cha mwaka jana nadhani. Nimekiacha. Vijindege vyenyewe nimeviona mbali kidogo, vinne, vimechanganyika na ndege wengine wadogo wa aina tatu au nne, wanapita mti kwa mti kama msafara. Hiyo ni kawaida?

Mwalimu_Manyoni

Kawaida kabisa, na ni namna nzuri ya kuwatafuta. Macho mengi yanamwona mwewe mapema, na mmoja akishtua mdudu mwingine anamdaka. Ukisikia mti uliokuwa kimya unaanza ghafla kulia lia juu, simama hapohapo, usiwafuate. Watapita juu yako.

MtuWaNzuguni

Taarifa ya jana, katikati ya Machi. Msingi umekwisha, tumeanza kupandisha tofali. Nilibaki peke yangu saa kumi na mbili na nusu jioni, fundi ameshaondoka. Vilikuja kutoka upande wa Ihumwa, kimoja kimoja, vikatulia juu ya mti kwanza kama dakika kumi. Kisha cha kwanza kikashuka, kikakanyaga, kikavuta, kikaingia. Cha pili. Cha tatu. Kila kinachoingia mfuko unatikisika na kuvimba ubavuni, unaona kabisa wenzake wanasogea. Vikafika sita. Giza lilikuwa linaingia, nikawa nimeshainuka.

Cha saba kilikuja kimechelewa, ni moja ya makinda. Kikakanyaga kizingiti, kikavuta, hapakufunguka. Kikavuta tena, mguu ukateleza. Mara ya tatu mdomo ukafunguka kutoka ndani.